Mikono Miwili, Kazi Tatu

Ukitazama tenisi ya viti mwendo kwa mara ya kwanza, usikodolee macho kiti. Tazama mikono. Mikono inayopiga mpira ndiyo hiyo hiyo inayosukuma magurudumu na kuyazuia, na mmoja hauachii raketi hata mara moja. Kutumia miguu kama breki ni marufuku.

Kanuni ni zile zile za tenisi, ila mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili, na dundo la pili linaweza kuangukia nje ya mistari. Wengi huuona huo kuwa upendeleo. Mimi nauona mtego: ukizoea kungoja dundo la pili, unasukumwa nyuma kabisa, huku mpinzani akipata muda wa kujipanga. Tena kiti kikishasimama, kukiondoa upya kunakula nguvu, kwa hiyo mchezaji hodari hatulii. Magurudumu yameinamishwa, yakatanuka chini, ili kiti kigeuke upesi bila kupinduka.

Katika kugeuka huko ndiko Shingo Kunieda wa Japani alikowaacha wenzake. Uvimbe kwenye uti wa mgongo ulimpoozesha miguu akiwa na miaka 9. Akaanza tenisi akiwa na miaka 11. Mwaka 2009, akiwa tayari bingwa wa Paralimpiki ya Beijing, aliacha ajira ya chuo kikuu akawa mchezaji wa kulipwa. Haukuwa uamuzi mwepesi. Kwa miaka mingi mashindano makuu yalialika wachezaji 8 tu kwa mechi za mmoja mmoja. Wa tisa duniani, labda awe na bahati, alibaki nyumbani, na gharama za kocha, kiti na nauli zilibaki pale pale.

Kilichomtesa zaidi ni kiwiko. Alifanyiwa upasuaji mwaka 2012, akatwaa dhahabu London mwaka huo huo. Akapasuliwa tena mwaka 2016, na safari hii Rio akatolewa robo fainali. Dhahabu nyingine aliipata Tokyo mwaka 2021.

Katika mashindano makuu, likabaki taji la mmoja mmoja la Wimbledon, ambako mechi hizo za viti mwendo zilianza mwaka 2016 tu. Nyasi hushika magurudumu. Kila msukumo huko ni mzito. Kunieda alilitwaa mwaka 2022, akiwa na miaka 38, na Januari iliyofuata akastaafu akiwa namba moja duniani.