Kitana cha Pembe kwa Mkono wa Msusi wa Bunia

Ubunifu wa bidhaa, yaani kazi ya kukifikiria chombo kuanzia haja ya mtumiaji hadi umbo lake, malighafi yake na namna ya kukitengeneza, hudhaniwa kuwa shughuli ya viwanda vya ng'ambo. Hata hivyo, kitana anachokishika msusi wa Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nacho ni bidhaa iliyobuniwa, na mara nyingi kimebuniwa bila kumfikiria yeye wala nywele anazozisuka.

Vitana vya plastiki vya bei ndogo hutengenezwa kwa kuisukuma plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya vipande viwili, na pale vipande hivyo vinapokutana hubaki ukingo mwembamba kwenye meno. Unywele wa Kiafrika uliojisokota, ambao ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana bapa badala ya duara, ni dhaifu kila unapopinda, na ndipo ukingo ule unapoukwaruza hata ukakatika. Lawama humwangukia msusi, au nywele zenyewe zinazoitwa ngumu, ilhali kosa ni la chombo.

Ustadi wa kuunda vyombo vya nywele si mgeni katika eneo hili. Wamangbetu wa Haut-Uele, jimbo lililokuwa pamoja na Ituri ndani ya Mkoa wa Orientale hadi mwaka 2015, walizipanga nywele juu ya kiunzi cha vijiti zikatanuka nyuma ya kichwa, kisha wakazishika kwa vibanio virefu vya mfupa au pembe za ndovu, vyembamba na laini ili vipenye bila kuvuta. Na hata mbali na hapa, nchini Marekani, Lyda Newman, mwanamke mweusi wa New York, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1898 kwa brashi yenye matundu ya kupitisha hewa na sehemu inayofunguka ili isafishwe.

Bunia ina malighafi inayostahili kujaribiwa: pembe za ng'ombe, kwa kuwa Ituri ni nchi ya wafugaji, Wahema wakiwa miongoni mwao. Pembe imeundwa kwa keratini, protini ileile ya nywele na kucha. Ikipashwa moto hulainika na kubanwa iwe bapa, kisha meno hukatwa kwa msumeno na kusuguliwa kwa msasa hadi ncha ziwe butu, pasipo ukingo wowote wa kalibu. Mafundi wa Uganda wamekuwa wakigeuza pembe za ng'ombe wa Ankole kuwa vifungo, vikombe na mapambo.

Pembe ina kasoro yake, nayo si ndogo. Ikiloweshwa muda mrefu hupinda na kupasuka, kwa hiyo haifai kuchemshwa, na kitana kinachopita kichwa hadi kichwa huweza kusambaza mapunye. Mbunifu hana budi kuacha nafasi pana kati ya meno ili sabuni na kitambaa vifike hadi kwenye shina, na kurefusha mkia wa kugawia nywele kulingana na kiganja cha msusi anayesuka kutwa nzima.

Kitana cha kwanza kisipelekwe sokoni kabla wasusi wa Bunia hawajakitumia kwa majuma kadhaa na kusema wazi panapowaumiza.