Chenga Zimekwenda Wapi?

Waliokua na televisheni ya antena wanakumbuka mlingoti nje ya nyumba: mtoto anauzungusha, walio ndani wanapiga kelele, "Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha!" Chenga zilipungua, hazikuisha. Leo mwalimu wa baiolojia akichomeka waya wa HDMI kati ya kompyuta mpakato na televisheni, darasa lisilo na hadubini linaona seli za jani, na chenga hakuna.

Mawimbi ya analojia yalibeba picha kama umeme unaopanda na kushuka, hivyo kila usumbufu wa njiani uligeuka sehemu ya picha. HDMI hubeba namba tupu, 0 na 1. Televisheni inachopaswa kuamua ni kimoja tu: hii ni 0 au 1? Ni kama kusubiri "ndiyo" au "la" katikati ya kelele za soko. Hata ukisikia kwa taabu, jibu ni lilelile.

Ujanja mwingine ni wa tangu enzi za nyaya za simu. Nyaya mbili husokotwa pamoja, kila mmoja ukipeleka kinyume cha mwenzake. Usumbufu ukiingia huzipata zote karibu sawasawa. Mpokeaji akitoa mmoja kutoka kwa mwingine, usumbufu unajifuta. HDMI ina jozi nne za namna hiyo. Picha ya nukta 1920 kwa 1080, ikibadilika mara 60 kwa sekunde, hupita humo kwa zaidi ya biti bilioni 4 kila sekunde. Nami bado nashangaa kwamba kitu kinachouzwa kando ya chaja za simu kinaweza hayo.

Kwa hiyo muuzaji akisema waya wa bei kubwa utakoleza rangi, mwache aongee. Dhahabu kwenye ncha huzuia kutu, jambo la maana penye hewa ya chumvi, ila namba zikifika salama picha ni ileile. Video iliyofifia nayo itabaki imefifia.

Tahadhari ni urefu. Dijitali haichoki polepole: waya ukizidi sana, picha humetameta, kisha kiza. Mwalimu asogeze meza karibu na televisheni. Mita mbili zinamtosha. Sauti ikibaki kwenye kompyuta, achague televisheni katika mipangilio ya sauti.