Je, Wajua? Farasi wa Springi Hahitaji Chanjo

Mtoto wa Enguserosambu, tarafani Loliondo wilaya ya Ngorongoro, huenda akapanda punda kati ya madumu ya maji kabla hajamwona farasi hata mmoja. Si ajabu. Ushahidi wa vinasaba unaonyesha kuwa punda alifugwa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita, mapema kuliko farasi wa leo. Tena uko ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na usubi, ambao huweza kuua farasi 9 kati ya 10 wasio na kinga, ilhali punda na punda milia aghalabu hawatetereki.

Farasi wa kuchezea, basi, ana unafuu: halishwi wala hachanjwi. Yule wa springi ana mwili wa plastiki ngumu, ulioning'inizwa kwa springi 4 kwenye fremu ya mabomba ya chuma. Kanuni yake aliichapisha Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: uzito ukiwa maradufu, springi nayo hurefuka maradufu. Ila ina kikomo. Ikivutwa kupita hapo hairudi ilivyokuwa, na ndiyo maana kaka mtu wa darasa la sita akimpanda farasi wa mdogo wake, kwisha habari! Mtoto mzito pia hudunda polepole kuliko mwepesi, hata ajitutumue vipi.

Mzazi unayenunua wa mtumba, usidanganyike na rangi. Kagua kulabu na springi zenyewe, maana vidole vidogo hunaswa hapo. Zisipokuwa na vifuniko, mwache dukani.