Arsenal Yachapwa Paris, Kilio Chasikika Mpakani

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno hayo ni mepesi kuyaandika juu ya leso, lakini ni mazito kuyameza saa sita ya usiku, ukiwa umekaa juu ya benchi la mbao katika ukumbi wa video, timu yako imechapwa ugenini, na jirani yako wa kulia anaanza kukohoa kikohozi ambacho wewe unajua vyema kuwa si cha mafua. Ni kicheko kinachotafuta mlango wa kutokea.

Usiku wa namna hiyo ulikuwa ule wa Jumatano, tarehe 7 Mei 2025. Huko Paris, Ufaransa, Arsenal ya London ilifungwa mabao 2-1 na Paris Saint-Germain katika nusu fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya, ikatolewa kwa jumla ya mabao 3-1. Waliofungwa walikuwa Waingereza na waliofunga walikuwa Wafaransa, lakini kilio chake kilifika mbali sana, hadi Busia na Malaba, mahali ambapo Kenya inakwisha na Uganda inaanza.

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akauliza: Busia na Malaba zanihusu nini mimi? Jibu ni kwamba zakuhusu zaidi ya unavyodhani. Shehena inayoteremshwa Kilindini kwenda Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo, nyingi yake hupita katika milango hiyo miwili. Ni safari ya zaidi ya kilomita 900, na miongoni mwa madereva na matandiboi wanaolala huko wakisubiri karatasi za forodha wamo vijana wa Changamwe, Mikindani na Miritini. Tena hata hilo neno bodaboda, ambalo leo halimtoki mdomoni mtoto wa Majengo, lilizaliwa huko huko. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwapakia wasafiri kuwavusha kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili, huku wakinadi, "Boda! Boda!" Kutoka mpaka hadi mpaka. Baiskeli ikawa pikipiki, na neno likaenea Afrika ya Mashariki nzima.

MIJI MIWILI, JINA MOJA

Busia ni mji wa ajabu. Upande huu unaitwa Busia na upande ule unaitwa Busia. Ukoo mmoja una ami Kenya na mjomba Uganda. Msamia yuko pande zote mbili, na Mteso vivyo hivyo. Malaba, iliyo mwendo wa kilomita kama 30 kutoka hapo, imepata jina lake kutoka mto unaotenganisha nchi hizi mbili, na ndipo reli inayotoka Mombasa inapovukia kwenda Tororo. Mwaka 2018, marais wa nchi hizo mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani huko Busia, ili msafiri na mzigo wakaguliwe mara moja tu badala ya mara mbili.

Basi watu wa namna hiyo, ambao kila kitu chao kimegawanywa mara mbili, fedha mbili, bendera mbili na serikali mbili, wana jambo moja lisilojua mpaka, nalo ni kabumbu la Ulaya. Mganda na Mkenya wanaweza kubishana juu ya bei ya samaki au ya mahindi, lakini wote wawili wakavaa fulana nyekundu ya Arsenal.

Mapenzi haya si ya jana. Yaliota mizizi hasa wakati Arsenal ilipowaleta Waafrika katika kikosi chake: Nwankwo Kanu wa Nigeria, Lauren wa Kameruni, Kolo Touré wa Kodivaa, pamoja na Patrick Vieira, Mfaransa aliyezaliwa Dakar. Msimu wa 2003-04 watu hao walicheza mechi 38 za ligi ya Uingereza bila ya kufungwa hata moja. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa ni baba wa watoto, na mara nyingi watoto nao wamerithi timu kama wanavyorithi shamba.

USIKU WENYEWE

Mechi ilianza saa nne ya usiku kwa saa zetu. Waislamu wa Busia na Malaba walikuwa wamekwisha swali Isha zamani, maduka yamefungwa, na malori yamejipanga kando ya barabara kama shanga katika uzi. Usiku wa mechi kubwa, saa kama hiyo ndipo kumbi za video zinapojaa. Dereva hukaa pamoja na mwendesha boda, mbadilisha fedha pamoja na mchukuzi, na mwenye kuchelewa hutazama kwa dirishani.

Wapenzi wa Arsenal waliingia na matumaini. Ni kweli kwamba walikuwa wamefungwa bao 1-0 nyumbani kwao London tarehe 29 Aprili, bao la Ousmane Dembélé la dakika ya nne. Lakini si timu hii iliyokuwa imetoka kuitoa Real Madrid, kwa mabao 3-0 London na 2-1 huko huko Madrid? Aliyemchinja ng'ombe, kuku atamshinda nini?

Dakika za mwanzo Arsenal walishambulia kama siafu. Gabriel Martinelli akajaribu, Martin Ødegaard akaachia mkwaju, lakini mlinda lango Gianluigi Donnarumma alikuwa ukuta. Kisha, dakika ya 27, Fabián Ruiz akautuliza mpira kwa kifua na kuachia kombora lililotikisa nyavu. Kipindi cha pili PSG wakapata penalti. David Raya akaipangua ile ya Vitinha, na hapo ndipo mpenzi wa timu anapodanganyika, akadhani kwamba Mungu amemkumbuka. Dakika chache tu baadaye, dakika ya 72, Achraf Hakimi akafunga la pili.

Bao hilo la Hakimi lina kisa chake kwa watu wa Pwani. Hakimi ni yule beki wa Morocco ambaye mwaka 2022, huko Qatar, timu yake ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ni nani Mwambao asiyefurahi wakati ule? Sasa mfikirie dereva wa Kipwani aliye Malaba, mpenzi wa Arsenal wa miaka ishirini, anayemwona kijana yule yule aliyemwombea dua juzi akimchoma mkuki leo. Akilia analia nusu, na akicheka anacheka nusu.

Bukayo Saka alirudisha moja dakika ya 76. Kisha akapata nafasi ya wazi, langoni hamna mtu, akaupaisha mpira juu ya mwamba. Hapo mambo yakawa yamekwisha. Ilikuwa ni nusu fainali ya kwanza ya Arsenal katika kombe hilo tangu mwaka 2009, na hadi usiku huo ilikuwa haijapata kulitwaa. Iliwahi kufika fainali mara moja tu, mwaka 2006, ikafungwa 2-1 na Barcelona, na hiyo nayo ilichezwa katika viunga vya Paris. Mji huo una deni na watu hawa.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Timu zote mbili zilizocheza usiku ule zilikuwa na mkataba wa kuitangaza Rwanda kwa watalii. Kwa hiyo dereva aliyekuwa na mzigo wa Kigali alikuwa akipelekwa Rwanda na lori lake, na huku akikaribishwa Rwanda na walioshinda pamoja na walioshindwa.

UTANI NDIYO DAWA

Mechi kama hiyo inapokwisha, ndipo mchezo wa mpakani unapoanza. Wapenzi wa Manchester United, Chelsea na Liverpool, ambao timu zao hazikuwamo kabisa uwanjani, huwa ndio wenye furaha kuliko Wafaransa wenyewe. Huja kutoa rambirambi. Huuliza maiti atazikwa upande upi wa mpaka, na kama karatasi zake za kusafiria ziko tayari. Asubuhi, mwendesha boda mwenye fulana ya Arsenal hulipwa nauli yake pamoja na pole. Akikasirika amekwisha, kwa sababu utani utamfuata wiki nzima. Akicheka amepona, naye huweka akiba, maana zamu ya wenziwe haiko mbali.

Mgeni asiyejua desturi aweza kudhani kwamba watu hawa wanachukiana. La, hasha. Wazee wetu walijua kazi ya utani, kwamba mtani ndiye anayeruhusiwa kucheka hata matangani, na kicheko chake ndicho kinachomwinua mfiwa kutoka kwenye jamvi. Mchezaji wa London hamjui mtu wa Malaba, wala hatapata kumpa pole. Pole yake itatoka kwa jirani, na mara nyingi itakuja imevaa nguo za kejeli.

Zamani haikuwa hivyo. Gor Mahia ilipofungwa na Canon Yaoundé jumla ya mabao 8-0 katika fainali ya Afrika ya mwaka 1979, wachezaji walirudi nyumbani, wakaonekana kwa macho na kulaumiwa uso kwa uso. Mapenzi ya AFC Leopards, timu ya Waluhya wa magharibi iliyoundwa mwaka 1964, yalikuwa hivyo hivyo, na watu wazima wa Mombasa wanaikumbuka Feisal iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Mpenzi alikuwa na wa kumlilia. Siku hizi wa kumlilia ni kioo cha televisheni, na kioo hakijibu.

Bila shaka utani nao una mipaka yake. Januari 2023, Arsenal ilipoifunga Manchester United 3-2, wapenzi wanane walikamatwa na polisi huko Jinja, kwenye njia ile ile iendayo Kampala, kwa sababu waliandamana mjini kushangilia bila ya kibali. Na yapo yaliyo mazito kuliko hayo. Mwaka 2009, siku Arsenal ilipotolewa na Manchester United katika nusu fainali kama hii, kijana mmoja jijini Nairobi alijitoa uhai. Mwenyezi Mungu atuepushe. Hapo utani haukuwahi kufika.

MKEKA USIOKALIKA

Lakini ukitaka kujua ni nani aliyeumia hasa usiku ule, usimtafute anayepiga makelele. Mtafute aliyenyamaza. Kaa pembeni umtazame yule anayetoa simu mfukoni, anaitazama, anairudisha, kisha anaondoka bila ya kuaga. Huyo huenda amechanikiwa na mkeka.

Kwetu Pwani mkeka ni kitu cha heshima. Tunakalia, tunalia chakula, tunasomea khitma. Vijana wa kamari wamelichukua jina hilo wakaita karatasi ya kubahatisha mechi nyingi kwa pamoja, kwa kuwa mechi husukwa moja baada ya nyingine kama ukili. Hesabu yake ni hii. Kijana anachagua mechi tano, kila moja inamwahidi shilingi moja na nusu kwa shilingi moja. Zikitimia zote, shilingi 100 zinazaa kama 759. Anaona utajiri. Asichokiona ni kwamba hata kama ana uwezo wa kubahatisha sawasawa mechi mbili katika kila tatu, kuzipata zote tano kwa pamoja ni kama mara moja tu katika mara nane. Chane moja ikikatika, mkeka wote umefumuka.

Serikali imeliona jambo hili. Siku ile ile ya mechi ya kwanza, tarehe 29 Aprili 2025, bodi ya kusimamia kamari nchini Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Mwaka huo huo ikatiwa sahihi sheria mpya badala ya ile ya mwaka 1966. Kwa Mwislamu, hukumu ilikuwako kabla ya bodi zote, kwani Suratul-Maida imeikataza kamari pamoja na ulevi. Lakini hata asiyeijua sura hiyo anaweza kuyaona madhara kwa macho yake.

Aliyepoteza mechi amepoteza pamoja na ukumbi mzima. Aliyepoteza fedha ya petroli ya kesho amepoteza peke yake, gizani, na hawezi kumwambia mkewe wala mwenye pikipiki. Mtani akija kumcheka, kicheko kinageuka kisu, kwa kuwa hajui anachokicheka. Ile dawa ya wazee haifanyi kazi kwa mgonjwa anayeuficha ugonjwa wake.

POLE YA JIRANI

Tarehe 31 Mei, PSG ilikwenda Munich, ikaitandika Inter Milan mabao 5-0 na kulitwaa kombe. Wapenzi wa Arsenal wakapata la kujitetea: kumbe tulifungwa na mabingwa. Ni faraja ndogo, lakini mfiwa hachagui sanda.

Basi wewe uliye na mwana barabarani, akipiga simu kutoka Malaba alfajiri na sauti yake nzito, muulize kwanza kama ameswali, kisha muulize kama timu yake imefungwa. Akianza kulalamika juu ya refa, mcheke, atapona. Ila akisema hataki kuzungumzia mpira, basi usimcheke. Muulize polepole ana shilingi ngapi mfukoni.