Je, Wajua? Ala Inayoimba Huku Mpigaji Ananong'ona

Je, wajua kwamba ukivuka mpaka pale Manyovu, kutoka Kigoma kuingia Burundi, unaweza kukutana na mwimbaji asiyeimba? Anakaa chini na inanga yake, anazicharaza nyuzi, na maneno yote anayanong'ona. Msikilizaji mgeni huapa kwamba kamsikia mtu mwenye koo zito akighani.

Siri ni hii. Mnong'ono hauna sauti ya kupanda wala kushuka, lakini Kirundi, sawa na jirani yake Kiha, ni lugha ya toni: panda au shuka pasipo pake, na maana imegeuka. Basi kinywa hutoa maneno, nyuzi hutoa toni, na sikio ndilo linaloviunganisha. Michel Vuylsteke alizirekodi nyimbo hizo Burundi mwaka 1967, na santuri ya lebo ya Ocora ya Ufaransa ikazisambaza Ulaya.

Inanga yenyewe ni ubao mrefu uliofukuliwa katikati mfano wa hori la ng'ombe. Haina nyuzi nyingi kama inavyoonekana. Ni uzi mmoja tu, ambao zamani ulitokana na ng'ombe, unaopitishwa kwenye meno yaliyochongwa miisho yote miwili, ukaenda na kurudi mpaka ukajaza ubao. Ukikaza kipande kimoja, cha jirani nacho chaweza kusogea. Mwenye haraka na ashike gitaa.

Wahaya wa Kagera wanaye ndugu yake, enanga, ambayo huandamana na tenzi ndefu za mashujaa. M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwatetea manju wa enanga katika makala ya mwaka 1983, wakati wasomi wa ng'ambo walikuwa bado wanabishana kama Afrika ina tendi hata kidogo. Rwanda nako Sophie Nzayisenga alifundishwa inanga na baba yake, Thomas Kirusu, akaingia katika kazi iliyozoeleka kuwa ya wanaume.

Je, wajua kwamba ala yaweza kufa kwa kukosa mbegu? Huko Busoga, Uganda, kuna bigwala, mabaragumu ya vibuyu yanayopigwa kwa kupokezana. Kila moja hutoa sauti moja tu, hivyo wimbo haukamiliki mpaka kundi zima litimie. Yalikuwa ya kutawaza na kuzika wafalme. Tawala za jadi zilipofutwa mwaka 1967, kazi ya mabaragumu ikakauka. Mwaka 2012 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kunusuriwa haraka. Mafundi wazee waliobaki walitajwa kuwa wanne. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipoingia kazini, darasa la muziki halikutosha. Ilibidi kwanza vibuyu vya umbo lile vilimwe upya, ndipo vijana wapate cha kupuliza.

Waayalandi wanaujua mkasa huo. Mwaka 1792 wapiga kinubi walikusanyika Belfast, na Edward Bunting, kijana wa miaka 19, akaandika nyimbo zao. Mkongwe wao, Denis Hempson, alipiga nyuzi za waya kwa kucha ndefu. Nyimbo zilibaki karatasini, kucha zikaenda kaburini, na waliotaka kuirudisha sauti ile karne ya 20 walilazimika kuitafuta wenyewe vidoleni. Ndiyo maana mimi huziamini rekodi nusu tu.

Kigoma haina upungufu wa waimbaji. Mwaka huohuo wa 2012 wasanii wake walikusanyika wakajiita Kigoma All Stars na kutoa "Leka Dutigite", wimbo wenye jina la Kiha. Prodyuza atakayetaka inanga chini ya mdundo kama ule asiibonyeze kwenye kinanda cha kompyuta. Apande gari la Manyovu, avuke, akamtafute mpigaji angali hai, na kijana mmoja wa Kasulu aandamane naye akajifunze kuchonga.