Taulo Lisilo na Jina: Picha, Kanga na Msemaji

Siku moja nilipita na bibi yangu kwenye duka la vitu vya watalii, Mji Mkongwe. Mlangoni limetundikwa taulo la pwani lenye picha ya wanawake wakivuna mwani. Picha nzuri hasa. Bibi akalishika, akaligeuza, nyuma peupe. Akamwuliza muuzaji: "Mwanangu, hili jina lake nini?" Kijana akacheka: "Taulo hilo bibi, halina jina."

Makala haya yanakusudia kulifafanua swali hilo, maana kwa maoni yangu ni swali la uhakiki.

Kwanza tuangalie kitu chenyewe. Picha ya kwenye taulo aghalabu hupigwa chapa kwanza kwenye karatasi maalumu. Karatasi hiyo hukandamizwa juu ya kitambaa cha poliesta kwa joto kali. Wino hugeuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi. Pamba haiushiki wino huo vizuri. Ndiyo maana mataulo mengi ya namna hii yana uso wa poliesta wenye picha, na mgongo mweupe.

Sasa hebu tuiweke kanga kando yake. Kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina, yaani maneno yake. Zamani maneno hayo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye zikaja za Kirumi. Baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliacha kaniki na merikani wakavaa kanga. Kwa hiyo nguo hii tangu hapo ilikuwa kauli: mimi ni mtu, nimejichagulia.

Mtunzi wa maneno ya kanga kwa kawaida hajulikani, lakini msemaji anajulikana. Kanga ya kijembe ikiwa kabatini ni maandishi tu. Siku mwenyewe anapojifunga akapita mbele ya mlango wa mke mwenziwe, hapo fasihi imeshatendeka! Yupo msemaji, ipo hadhira, lipo na tukio. Na akiulizwa, atasema kanga kaikuta dukani, hakuitunga yeye.

Wapo watakaosema basi kosa ni la picha. Sikubaliani nao. Mwaka 2008 zilitoka kanga zenye sura ya Barack Obama na maneno ya kumpongeza; picha na jina vilikaa pamoja bila ugomvi. Tena picha si ngeni kwetu. Capital Art Studio ilifunguliwa hapa mjini na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mtu aliyekwenda studio kupigwa picha alivaa alivyotaka, akakaa mbele ya kamera kwa hiari yake. Naye alikuwa msemaji.

Tatizo la taulo lile liko hapo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakitoka wanaingia, wanainama kutwa juani, wanafunga mbegu kwenye kamba. Kwenye taulo kazi hiyo imegeuka pambo. Hatuambiwi wao ni nani, wala kama waliombwa ruhusa, wala wangependa kusema nini. Atakayelitandika Nungwi au Paje atawalalia, naye pia hamwambii mtu kitu.

Tusilidharau taulo, wanafasihi wenzangu, kwa kuwa eti ni bidhaa. Hata kanga ni bidhaa. Tuliulize kama tunavyoiuliza kazi yoyote: nani anasema, anamwambia nani, na aliyechorwa humo amepewa nafasi gani? Wapiga picha na wafanyabiashara wetu nao wangeweza kuwauliza akina mama wale waandike nini chini ya picha yao. Nina hakika majina yasingekosekana.

Bibi yeye hakununua. Alisema tu, tukishaondoka: "Zuri, lakini bubu."