Kunde na Maharagwe Hujenga Mwili

Watu wengi hudhani kwamba mtu asiyekula nyama kila siku hawezi kuwa na mwili wenye nguvu. Fikira hii si ya kweli. Kitu kilichomo katika nyama ambacho hujenga mwili huitwa protini, nacho hupatikana pia katika maharagwe, kunde, mbaazi, choroko, dengu na njugu. Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini ya gramu 20 na zaidi. Katika uzani huo huo wa mahindi imo kadiri ya gramu 9 tu.

Yafaa ijulikane jinsi protini ifanyavyo kazi. Mfano wake ni uzi mrefu wa shanga. Shanga zenyewe huitwa asidi amino, nazo ni za namna 20. Chakula kifikapo tumboni, uzi huo hukatwa vipande viitwavyo peptidi. Kisha utumboni vipande hivyo hukatwa tena, hata zikabaki shanga moja moja, au mbili tatu pamoja. Hapo hunyonywa na kuta za utumbo, na mwili huzitunga upya ziwe misuli, ngozi, nywele na damu. Lakini namna 9 kati ya hizo mwili hauwezi kujitengenezea. Sharti zitoke katika chakula.

Hapa ndipo ionekanapo hekima ya wazee. Mahindi yana upungufu wa asidi iitwayo laisini, ambayo maharagwe yanayo tele. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi huongeza. Yakiliwa pamoja, kila kimoja humtimizia mwenziwe. Kwa hiyo githeri ya Wakikuyu, na muthokoi wa Wakamba uliopikwa kwa maharagwe au mbaazi, ni vyakula bora. Hali kadhalika mbaazi za nazi ziliwazo kwa mahamri huko pwani, kwa kuwa ngano pia ina upungufu wa laisini.

Kwa mtoto mdogo jambo hili ni la uzima na mauti. Mwaka 1933 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo tangu 1957 huitwa Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kuharibika ngozi, ambao walikuwa wakilishwa chakula cha mahindi. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina la kwashiorkor, neno la lugha ya Ga linalohusu maradhi ya mtoto aondolewaye ziwani mdogo wake azaliwapo. Wataalamu wa leo husema kwamba sababu zake ni zaidi ya moja, wala si upungufu wa protini peke yake. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba uji mtupu haumtoshi mtoto.

Basi mtoto na anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya hata atimize miaka 2 au zaidi, huku akipewa vyakula vingine. Maharagwe yaliyopikwa yakalainika, yakamenywa maganda na kupondwa, humfaa sana. Apewe pia maziwa, yai au samaki, kwa maana nafaka na kunde hazina vitamini B12.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu. Yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, kisha yachemke katika maji mapya kwa moto mkali si chini ya dakika 10, na kuendelea kupikwa hata yalainike. Pili, njugu au mahindi yaliyoota kuvu yasiliwe, kwani kupika hakuondoi sumu yake. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Na mtoto yeyote avimbaye miguu apelekwe hospitali siku ile ile. Maharagwe ni kinga. Si dawa ya mtoto aliyekwisha kuugua.